Walimnyima mke wangu sindano ya pumu, wakatoboa chupa ya maji

SWALI: Daktari, shikamoo. Mke wangu ana miaka 31, mimba yake ina miezi sita, na pumu anayo tangu utotoni. Tunaishi Tanga. Juzi usiku alibanwa, nikamkimbiza kituo cha afya kwa bajaji. Miaka yote akibanwa huchomwa aminofilini ya mshipa na baada ya muda anafunguka. Safari hii tabibu wa zamu alikataa kumchoma. Alichukua chupa ya maji ya nusu lita, akaitoboa kitako kwa waya wa moto, akachomeka pampu, akampulizia mara kumi, na akarudia hivyo mara tatu ndani ya saa moja. Kisha akammezesha vidonge vinane vya prednisoloni na kutupa vingine vya siku nne. Alifunguka kweli, lakini mikono ilimtetemeka na moyo ulimwenda mbio. Nyumbani mama mkwe anasema steroidi zinaharibu mimba, basi leo ameviacha. Bado anakohoa alfajiri. Je, alitibiwa ipasavyo, au kituo hakikuwa na dawa wakaona aibu kusema? Na akibanwa tena nifanye nini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la haraka. Mpe mkeo vidonge vyake leo hii, vinane kwa pamoja, ale kidogo kwanza, na aendelee kila asubuhi mpaka siku alizoandikiwa ziishe. Pia arudi kituoni kesho asubuhi asikilizwe kifua, maana kikohozi cha alfajiri baada ya kubanwa ni dalili kwamba mirija ya hewa haijatulia. Akianza kuhema kabla ya kesho, usisubiri kuche.

Sasa swali lako. Alitibiwa ipasavyo, tena vizuri kuliko miaka yote aliyochomwa sindano. Huyo tabibu nampongeza, kwa sababu kumkatalia mgonjwa sindano aliyoizoea, saa nane za usiku, mume kasimama mlangoni, si kazi nyepesi.

Pumu inapobana, mambo matatu hutokea kwa pamoja ndani ya mirija ya hewa. Misuli inayoizunguka hukaza. Ngozi laini ya ndani huvimba. Na ute mzito huziba nafasi ndogo iliyobaki. Watu hudhani mgonjwa anashindwa kuvuta hewa, lakini shida kubwa zaidi iko kwenye kuitoa: hewa inaingia, haitoki yote, kifua kinajaa, na pumzi inayofuata haina pa kukaa. Ndiyo maana unaona mabega yanapanda, shingo inakaza, mbavu zinaingia ndani, na mlio wa filimbi unasikika zaidi akitoa pumzi.

Salbutamoli, dawa iliyomo kwenye pampu ya bluu mnayoijua kwa jina la Ventolin, hulegeza misuli. Huanza kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake hudumu saa nne hadi sita. Uvimbe na ute haivigusi. Hivyo ni kazi ya steroidi, yaani prednisoloni, ambayo huchukua takriban saa nne kabla athari yake haijaonekana. Zipige hesabu hizo mbili uone: salbutamoli inapoanza kuchoka, prednisoloni ndiyo inaamka, mradi ilimezwa mapema. Vidonge vikicheleweshwa mpaka asubuhi, au vikiachwa siku ya pili kama alivyofanya mkeo, mgonjwa hubaki na misuli iliyolegea juu ya uvimbe uleule, na usiku wa pili anarudi akiwa amebanwa kuliko wa kwanza. Nimewapokea wengi wa namna hiyo. Kila mmoja alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani akipumua vizuri.

Mipulizo kumi imewatisha, naelewa. Nyumbani amezoea miwili. Lakini mirija ikiwa imebana, dawa nyingi huishia mdomoni na kooni, kidogo tu ndicho kinachofika chini. Pampu ya kawaida hutoa mikrogramu 100 kwa mpulizo. Mwongozo wa GINA, unaofuatwa na madaktari wa pumu duniani kote, unasema mtu mzima aliyebanwa apewe mipulizo minne hadi kumi kila dakika 20 kwa saa ya kwanza. Tabibu wenu alifuata hivyo hivyo, hakubuni. Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio ni salbutamoli hiyohiyo ikigusa misuli mingine na moyo. Hupita baada ya saa chache. Mtoto tumboni haumii kwa hilo, na mji wa mimba hausinyai. Kinyume chake, dawa za kundi hili ziliwahi kutumiwa na wakunga na madaktari kuzuia uchungu wa mapema, kwa kuwa hulegeza misuli ya mji wa mimba pia.

Nije kwenye chupa, maana naona ndiyo iliyokukera.

Ile chupa haikuwa dalili ya umaskini wa kituo. Ukipuliza pampu moja kwa moja mdomoni, dawa inatoka kwa kasi kubwa na kugonga ukuta wa koo. Mtu anayehema hawezi kulenga pumzi yake iendane na mpulizo. Chombo chenye nafasi katikati hupunguza ile kasi, matone mazito yanabaki ukutani, na yale mepesi yanasubiri ndani mpaka mgonjwa ayavute taratibu. Chombo hicho huitwa spesa, na zile za dukani zina bei. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha kwenye jarida la Lancet utafiti wa watoto 88 wa miaka 5 hadi 13 waliobanwa na pumu. Walilinganisha spesa ya kiwandani na vitu vya kujitengenezea: chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri pale pampu inapoingia, chupa hiyohiyo isiyozibwa, na kikombe cha plastiki chepesi. Chupa iliyozibwa ilifanya kazi sawa na spesa ya kununua. Isiyozibwa ilikuwa nyuma kidogo, kikombe kikashika mkia. Kwa hiyo kinachoamua ni tundu. Likiwa pana kuliko mdomo wa pampu, dawa inavujia pembeni. Waya wa moto hukunjwa kwa umbo la mdomo wa pampu, ukachoma tundu linalobana, kisha pembeni panazibwa kwa gundi au plasta.

Vipi mashine ya mvuke, nebulaiza? Wengi huiona ndiyo tiba ya kweli kwa sababu inanguruma na kutoa moshi. Tafiti nyingi zilizolinganisha hivyo viwili hazikuona mashine ikiishinda pampu yenye spesa, na kwa watoto pampu yenye spesa ilifupisha muda wa kukaa wodini mwa dharura na kupunguza moyo kwenda mbio. Mashine ina faida yake pale mgonjwa amechoka kiasi cha kushindwa kushirikiana, au anapohitaji oksijeni wakati huohuo. Lakini umeme ukikatika, chupa haizimiki.

Sasa sindano. Aminofilini ina historia ndefu na haikuingia hospitalini kwa bahati mbaya. Kiini chake, teofilini, kilipatikana kwenye majani ya chai mwaka 1888 na Mjerumani Albrecht Kossel, na ni ndugu wa karibu wa kile kinachokuamsha ndani ya kahawa. Kabla pampu nzuri hazijapatikana, iliokoa watu. Ubaya wake ni kwamba kipimo kinachosaidia na kipimo kinachodhuru vimekaribiana mno. Ikizidi kidogo tu mgonjwa anatapika, moyo unapiga bila mpangilio, na hata degedege huweza kumpata. Mahali pasipo na kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu, daktari anachoma kwa kukisia. Na je, mgonjwa alimeza nini kabla hajaja? Baadhi ya vidonge vya kifua vinavyouzwa dukani vina teofilini ndani yake. Erithromaisini, ambayo watu hununua kwa kikohozi, huizuia isitoke mwilini. Mtu aliyemeza hivyo viwili jioni akachomwa aminofilini usiku, amewekewa sumu kwa nia njema.

Ukiweka hatari hiyo pembeni, bado haina cha kuongeza. Mgonjwa aliyekwisha kupewa salbutamoli ya kutosha na steroidi hapati nafuu ya maana zaidi kwa kuongezewa aminofilini. Ndiyo maana GINA inashauri isitumike wakati wa kubanwa. Miaka yote mkeo alifunguka kwa sababu hata dawa dhaifu inalegeza kidogo, na kwa kawaida huchomwa pamoja na haidrokotisoni, ambayo ni steroidi. Sifa zote zikaenda kwa ile sindano iliyouma. Na kwenye mimba aminofilini hupita kondo la nyuma ikamfikia mtoto.

Kuhusu kumeza steroidi badala ya kuchomwa: kwa mtu anayeweza kumeza na asiyetapika, prednisoloni ya mdomo ina nguvu sawa na haidrokotisoni ya mshipa. Miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 5, ndicho kipimo cha mtu mzima, kwa siku tano hadi saba. Kwa muda mfupi hivyo hakuna haja ya kupunguza taratibu, anamaliza na kuacha.

Hofu ya mama mkwe haikuanzia hewani, na ningependa umweleze kwa heshima. Zamani tafiti kadhaa zilihusisha vidonge vya steroidi vya miezi mitatu ya mwanzo na mdomo sungura au kaakaa kupasuka. Ushahidi wa baadaye umekuwa dhaifu kuliko ule wa mwanzo, na kwa vyovyote mdomo na kaakaa la mtoto hufungika kabla mimba haijamaliza mwezi wa tatu. Mkeo yuko mwezi wa sita. Isitoshe, kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoivunja prednisoloni, kiasi kwamba sehemu ndogo tu, kama moja ya kumi, ndiyo inayomfikia mtoto. Anachoweza kupata mkeo ni njaa, usingizi wa mang'amung'amu na sukari kupanda kwa muda. Kama ana kisukari cha mimba awaambie.

Linalomdhuru mtoto ni mama kubanwa. Mtoto hana hewa nyingine zaidi ya ile inayopita kwenye mapafu ya mama yake. Mama akikosa oksijeni, mtoto anakosa kabla mama hajajua. Mashambulizi makali ya pumu yameonekana kuongeza uzazi wa kabla ya wakati, watoto wenye uzito mdogo na shinikizo la damu la mimba. Kwa sababu hiyo mjamzito hutibiwa kwa nguvu ileile ya mtu mwingine, wakati mwingine kwa haraka zaidi, na oksijeni yake tunataka isiende chini ya asilimia 95. Wenye pumu wakishika mimba, kwa makadirio theluthi huwa afadhali, theluthi hubaki vilevile, na theluthi huzidiwa, hasa kati ya mwezi wa sita na wa nane. Wengi wa wanaozidiwa walikuwa wameacha dawa zao pale kipimo cha mimba kilipoonyesha mistari miwili. Sijui kama mkeo ni mmoja wao. Muulize bila kumgombeza.

Kama angekuja akiwa na hali mbaya zaidi, kulikuwa na ngazi nyingine za kupanda. Oksijeni. Ipratropiamu, dawa nyingine ya kuvuta inayofungua mirija, pamoja na salbutamoli, ambayo kwa waliobanwa sana hupunguza idadi ya wanaolazwa. Halafu magnesiamu salfeti ya mshipa, gramu 2 kwa dakika 20. Hiyo ya mwisho ipo karibu kila wodi ya wazazi, kwa kuwa ndiyo dawa ya kifafa cha mimba, na wakunga wanaijua kuliko madaktari wa kifua: wanajua kupima kama goti bado linaruka, maana dawa ikizidi linaacha, na kalsiamu glukoneti ya kuizima inakaa wapi. Kwenye pumu kali iliyogoma ningeifikia hiyo muda mrefu kabla sijawaza aminofilini. Adrenalini ya msuli ina mahali pake pia, kama kubanwa kumekuja pamoja na midomo kuvimba, vipele na presha kushuka baada ya kuumwa na nyuki au kula kitu. Antibiotiki hazina kazi kama hakuna dalili za nimonia. Dawa za usingizi, hapana kabisa. Diazepamu kwa mtu anayehangaika kwa kukosa hewa inaweza kumzimisha.

Nyumbani akibanwa tena, mkalishe wima, akiinama mbele kidogo, mikono juu ya meza. Asilazwe chali. Tikisa pampu, bonyeza mara moja ndani ya chupa, avute na kutoa pumzi mara nne hadi sita akiwa ameufumba mdomo kwenye shingo ya chupa. Tikisa tena, bonyeza tena. Mpulizo mmoja kila mara, usirundike miwili mitatu. Ifikishe minne, subiri dakika nne, angalia. Kwa mtu asiye na mimba, nafuu kamili hapo ingemruhusu kungoja asubuhi huku anaangaliwa. Kwa mkeo, hata akipata nafuu nenda naye kituoni usiku uleule, na kama hana nafuu endelea kumpulizia ndani ya bajaji, hadi mipulizo kumi kila dakika 20. Mwenye hofu ya kuzidisha dawa aikumbuke hofu kubwa zaidi.

Ukiona hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, anasinzia au anachanganyikiwa, usipoteze muda na kituo kidogo iwapo hospitali yenye oksijeni inafikika. Rangi ya bluu kwa ngozi zetu itafute kwenye ulimi na ndani ya midomo, si usoni. Na filimbi ikinyamaza ghafla wakati mgonjwa bado anahangaika, hiyo si nafuu; hewa inayopita imekuwa ndogo hata haitoi sauti. Neno moja pia kuhusu kile kidude cha kubana kidole cha kupima oksijeni: mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kwa watu weusi kinadanganya kwa kuonyesha namba ya juu mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Kikisema 94 na mtu mbele yako amechoka, mwamini mtu.

Kwenu Tanga naweza kukisia kuna mzee atakayependekeza moshi wa majani ya mnanaha. Simcheki. Mnanaha una kemikali jamaa ya ipratropiamu, na karne ya 19 Wazungu waliuziwa sigara zake madukani kwa ajili ya pumu. Tatizo ni kwamba jani moja halilingani na jingine kwa nguvu, linaleta wenge na moyo kwenda mbio, na moshi wenyewe unabana mirija. Kwa mjamzito ni marufuku. Kufukiza maji ya moto na kupaka mafuta makali kifuani hakutibu, na harufu kali huwachokoza wengine. Piriton na dawa za maji za kikohozi ziacheni.

Kesho mkiwa kituoni ulizeni jambo moja zaidi: pampu ya kuzuia, yenye beklometasoni au budesonidi, anayotumia kila siku hata akiwa mzima. Budesonidi ndiyo iliyochunguzwa zaidi kwa wajawazito. Kutegemea pampu ya bluu peke yake ndiko kunakowarudisha watu usiku, na tangu 2019 GINA haishauri tena mtu mzima atibiwe kwa salbutamoli pekee. Kuna pampu moja yenye budesonidi na formoteroli pamoja, inayotuliza na kuzuia kwa mara moja. Bei yake bado iko juu, lakini ikipatikana ni nzuri. Asukutue mdomo kila baada ya kuvuta, asipate utando mweupe kinywani.

Neno pumu liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, kwa herufi kubwa. Wakunga wanahitaji kujua kabla ya siku ya kujifungua, kwa sababu dawa mbili za kuzuia damu, kaboprosti na ergometrini, zinaweza kubana kifua chake, wakati oksitosini na misoprostoli hazina shida hiyo. Diklofenaki ya maumivu baada ya upasuaji nayo huwabana baadhi ya wenye pumu. Kama amewahi kuitumia salama, awaambie, na kama hajui, awaambie pia. Pampu iingie kwenye mfuko wa kujifungulia pamoja na kanga.

Na pampu yenyewe, angalieni imebaki kiasi gani. Mpya ina mipulizo 200, na usiku mmoja kama ule wa juzi unakula 30. Isiyo na kihesabu msiipime kwa kuitikisa, kwa kuwa gesi huendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha. Andika tarehe ya kuifungua kwa kalamu juu ya kopo, ujumlishe mipulizo ya kila usiku mbaya, na ununue nyingine ikifika 150. Chupa ioshwe kwa maji na sabuni ya vyombo mara moja kwa wiki, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa. Kuifuta huamsha umemetuli unaovuta dawa kwenye plastiki badala ya kuiacha iende kifuani.